Barua ya kufunga muhula: kile kimkeka cha Gredi 3

Assalaam aleykum wazazi wetu, hamjambo nyote.

Muhula wa kwanza ndio huo umeisha alhamdulillah. Ripoti njooni mchukue Ijumaa asubuhi kabla ya sala, na wenye deni la chakula mnajijua, hilo tutaongea ofisini sio hapa.

Nilichotaka kusema hasa ni hili darasa la Gredi 3, maana maswali yamekuwa mengi pale getini, mbona chati zimetolewa ukutani, mbona kuna mkeka na pazia pale pembeni, na wengine nasikia washalipa jina ati darasa la wagonjwa. Jamani.

Kuna kijana wetu mmoja (bibi yake ameniruhusu niseme) kila ikifika saa nne anaziba masikio anaingia chini ya dawati. Sisi tukaona ni ujeuri, na mimi mwenyewe nilishamsimamisha nje mara mbili, nakiri. Mpaka bibi yake akaja akaniambia, mwalimu, huyu kelele humuuma kama jino. Ana usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo waitayo autism. Basi siku moja nikaenda nikakaa dawati la nyuma, sifundishi, nasikiliza tu. Subhanallah! Madawati yanakwaruza simiti, Gredi 4 wanaimba tebo upande wa pili na ukuta wenyewe haufiki juu, punda wa mchanga wanalia chini ya dirisha, taa ya tyubu inapepesa, mabati nayo yanaalika kwa jua. Kabla ya mapumziko kichwa kishaniuma mimi mtu mzima, na yeye hukaa humo mpaka saa tisa.

Kwa hivyo tumekata ndara mbovu za ufuoni tukapigilia chini ya miguu ya madawati, na juu ya mabati tumefunga makuti. Ukuta wa mbele umebaki na ubao na ratiba ya picha, sababu kuna mtoto akijua kinachofuata hutulia. Wale ambao herufi zinawachezea, disleksia hio, twawaandikia kubwa na kuwauliza kwa mdomo pia. Asoweza kukaa tuli ana ruhusa asimame nyuma au apanguse ubao. Kwenye mkeka mtoto huenda mwenyewe akizidiwa, dakika tano anarudi. Sio adhabu, na mwalimu atakayeifanya adhabu ataonana na mimi. Kilichonishangaza ni kuwa darasa zima limetulia, hata wasio na shida yoyote, na mwalimu wao sauti haimkauki tena.

Na msidhani ni mambo yangu tu, sera ya serikali ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu imesema wasome na wenzao. Mwenye mtoto wa namna hii asimfiche. Kombe la aya za Kurani na dua sikatazi, endeleeni, lakini mpelekeni pia EARC, kile kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya mtoto katika masomo, akafanyiwe tathmini, vituo hivyo viko nchini tangu 1984. Na kama lebo ya shati la skuli yamkera shingoni ikateni, sitouliza.

Sasa Gredi 1 na 2 bado, na masika yaja, mvua ikipiga mabati hata mimi sisikiki. Jumamosi tunapandisha makuti. Mafundi njooni mapema kabla jua halijakaza, wengine leteni ndara mbovu, hata ya mguu mmoja twachukua.

Mwalimu Mkuu,
Lamu