Waskoti na wachora vibonzo wa London

Mpendwa Mwanaidi,

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Uliuliza kama Wazungu nao walikuwa wakichorana vibonzo vya kudhalilishana kikabila. Ebo! Sana tu. Kamuulize Mskoti.

Karne ya 18 maduka ya London yalizitundika picha hizo dirishani. Mskoti wao walimwita Sawney: amekonda, fukara, kavaa sketi ya miraba, anajikuna upele kwa kujisugua kwenye nguzo za barabarani. Kuna moja ya 1745 inanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Sawney kaingia choo cha matundu mawili. Hajui kinavyotumika, basi katumbukiza mguu mmoja huku, mwingine kule, kajikalia kwenye ubao wa katikati, na haja anaimaliza papo hapo. Mchora vibonzo James Gillray akairudia 1779. Na baba yake Gillray, shoga yangu, alikuwa Mskoti, askari aliyepoteza mkono vitani Fontenoy!

Ila usidhani ilikuwa dharau tupu; hofu nayo ilikuwemo. Uskoti na Uingereza ziliungana 1707, na Waskoti wakaanza kushuka London kutafuta vyeo. Mwaka 1762 John Stuart, Lordi wa Bute, akawa waziri mkuu, Mskoti wa kwanza kukikalia kiti hicho. Hapo wachoraji wakapagawa. Wakamzushia mapenzi na mama yake mfalme. Bwana huyo kasoma Eton, shule ya mabwanyenye wa Kiingereza, lakini pichani mara nyingi avalishwe sketi tu. Na huko milimani Uskoti serikali ilikuwa imewakataza wanaume kuivaa tangu 1746, baada ya uasi wa huko kuzimwa, isipokuwa askari. Katazo halikuondolewa hadi 1782.

Halafu 1796 mchoraji mwingine, Richard Newton, akachora Waskoti wakishuka kutoka angani juu ya mapaa ya London, kama nzige. Sasa niambie wewe: mtu asiyejua hata choo anakunyang'anyaje ofisi? Wachoraji hawakujali. Wateja walitaka kumcheka Mskoti na kumwogopa kwa bei moja.

British Museum, ile makumbusho ya London, wameziweka mtandaoni, zitafute. Anza na ile ya choo, kisha uniambie unaonaje uchoraji wa Gillray, maana wewe ndiye fundi. Mimi naona kipaji kile kilikuwa kikubwa mno kwa uchafu ule.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Rehema