Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya forodha: Mwenye mali nipo, nijibuni kabla ya mnada

Morogoro, 5 Mei

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kabla ya yote nakuomba radhi kwa kukuandikia mbele ya watu. Haikuwa nia yangu. Nimekuandikia barua tatu kwa utaratibu wa kawaida, nimezipeleka masijala kwa mkono wangu mwenyewe, na nakala zote tatu ninazo hapa zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Hii ya nne naiandika wazi kwa sababu ya karatasi niliyoiona wiki iliyopita.

Karatasi yenyewe imebandikwa ubaoni pale bandari kavu, yadi yanakowekwa makontena yaliyotoka bandarini, imeshikwa kwa pini mbili, pembe moja inapeperuka. Ni orodha ya mizigo itakayopigwa mnada tarehe 14 Mei. Wakala wangu wa forodha ndiye aliyenipigia simu, akaniambia, "Mama, hili njoo ulione kwa macho yako." Nikapanda basi la alfajiri pale Msamvu. Nikaifuata orodha kwa kidole mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa 17 nikaikuta namba ya kontena langu. Mbele yake pameandikwa: vyombo vya nyumbani, mchanganyiko. Na kwenye safu ya mwisho: mwenye mali hajajitokeza.

Mheshimiwa, ni nani huyo hajajitokeza? Kontena lilishushwa melini tarehe 9 Februari, na siku ya tatu yake wakala alikuwa ameshaingiza kadhia, yaani tamko la mzigo, kwenye mfumo wa forodha. Nimejitokeza dirishani. Nimejitokeza kwenye benchi la nje ya chumba cha uthamini siku nyingi kiasi kwamba mlinzi ananiita "mama wa Morogoro" na kunisogezea kivuli jua linapogeuka. Leo ni siku ya 85. Kuandikiwa kwamba sijajitokeza kumeniuma kuliko pesa zote nitakazozitaja humu.

Naomba nikueleze tangu mwanzo, maana naamini habari hii haijakufikia kama ilivyo.

Tuko wanawake watatu, wote tunauza vyombo hapa Morogoro. Kwa miaka mingi tulikuwa tunachukua mzigo Kariakoo kwa jumla. Safari hii tuliamua kuagiza wenyewe kutoka Guangzhou: chupa za chai, seti za hotipoti na sufuria, kontena moja la futi 20. Tulilenga Ramadhani na Idi, wakati hotipoti inapotoka yenyewe bila kuitangaza. Hatukutaka kuchangia kontena na watu tusiowajua, ambapo karatasi zinakuwa za mkusanyaji na mwenye kipande chake hana hata ankara ya kuonyesha. Tulitaka kila kitu kiwe kwa jina letu, kwa namba yetu ya mlipakodi, ili mtu yeyote akituuliza tumjibu kwa karatasi.

Na karatasi tulizileta. Ankara ya kiwanda, orodha ya vilivyofungashwa, hati ya meli, hati ya bima, na hati ya benki inayoonyesha pesa ilivyotoka kwenye akaunti yetu kwenda kwa muuzaji. Mzigo, bima na nauli ya meli mpaka bandarini jumla yake ni dola 16,800.

Ofisa aliyekaa na faili letu aliangalia ankara kama nusu dakika. Akatoa simu yake mfukoni, akaandika kitu, akaigeuza ili nione. Ilikuwa chupa ya chai kwenye duka la mtandaoni, moja, inauzwa rejareja. Akasema, "Chupa hizi bei yake ndiyo hii, mama, si hiyo yenu." Nikamwambia mimi sikununua chupa moja, nimenunua 2,400, na hati ya benki hii hapa. Hakuichukua. Siku mbili baadaye thamani ikarudi kwenye mfumo ikiwa dola 25,200. Mara moja na nusu ya tulicholipa.

Wasiofanya biashara hii wanaweza kudhani dola 8,400 za kwenye karatasi ni tarakimu tu. Sivyo. Ushuru wa forodha unakokotolewa kwa thamani hiyo. Kisha VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe, na tozo nyingine zinafuata nyuma yake. Ukipandisha namba ya juu, kila kilicho chini yake kinapanda. Kwetu ilikuwa nyongeza ya zaidi ya shilingi milioni 10, kwa mzigo ambao faida yake yote tuliyokuwa tumeipigia hesabu haifiki hapo.

Mheshimiwa, mimi niliishia kidato cha nne, lakini nilikaa na kijana wa dada yangu tukaisoma Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Jedwali la Nne la sheria hiyo linasema thamani ya kwanza kutumika ni bei iliyolipwa kweli au inayotakiwa kulipwa. Ikikataliwa kwa sababu, ndipo unashuka kwa mpangilio: bidhaa zile zile za mwagizaji mwingine, kisha zinazofanana nazo, na kuendelea mpaka njia ya sita. Linakataza thamani za kubuni. Sikuona mahali panaposema simu ya ofisa.

Kifungu cha 122 kinanipa haki ya kuomba kwa maandishi nielezwe thamani ya mzigo wangu ilipatikanaje, na nielezwe kwa maandishi. Niliomba. Kifungu hicho hicho kinaruhusu mwagizaji achukue mzigo wake kwa kuweka dhamana, wakati uamuzi wa mwisho wa thamani unasubiriwa. Niliomba pia: tulipe kodi ya thamani yetu, na ile tofauti tuiwekee dhamana ya benki. Niliambiwa kwa mdomo kwamba mfumo haukubali. Nikaomba maneno hayo niandikiwe. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu ofisa alikuwa kwenye semina.

Ndipo tarehe 20 Februari nikawasilisha pingamizi chini ya kifungu cha 229, ndani ya siku 30 zinazotakiwa. Na hapa, Mheshimiwa, nakuomba usome taratibu. Kifungu hicho kinampa mkuu wa forodha siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Asipojibu ndani ya muda huo, sheria inamhesabu kuwa amelikubali ombi. Hakuna aliyetuomba taarifa ya nyongeza. Siku 30 ziliisha tarehe 22 Machi. Kwa sheria ambayo ofisi yako inaisimamia, ombi langu limekubaliwa tangu siku hiyo, na thamani ya mzigo wangu ni dola 16,800. Sasa mnauza kitu gani tarehe 14?

Nimejiuliza sana kwa nini imekuwa hivi. Sina uhakika, nasema ninavyowaza. Nadhani ofisa aliye chini anapimwa kwa makusanyo ya mwezi, na akiikubali ankara ilivyo anaogopa kuulizwa kesho kwa nini hakuongeza. Kukataa hakumgharimu kitu, kukubali kunaweza kumgharimu. Halafu ni kweli wapo wenzetu wanaotembea na ankara mbili, ya kweli ya dukani na ya forodha. Nawajua, na wanatuumiza sisi kabla hawajaiumiza serikali, kwa sababu tukisimama na karatasi ya kweli tunatazamwa kama wao. Lakini hati ya benki ipo! Mwenye ankara ya uongo analetaje hati ya benki yenye kiasi kile kile mpaka senti?

Nilikuwepo Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, tarehe 17 Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokutana na wafanyabiashara baada ya maduka ya Kariakoo kufungwa kwa mgomo. Nilikaa juani kuanzia asubuhi. Watu walisimama mmoja mmoja wakaeleza kero zao, wengine wakilia. Tukaambiwa tumesikilizwa, tukafungua maduka. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Oktoba 2024 ikazinduliwa Tume ya Rais ya maboresho ya kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue, na sisi tukakusanywa tena kutoa maoni. Mimi nilitoa yangu, nikasema jambo moja tu: mkikataa karatasi ya mtu, mpeni karatasi ya kueleza kwa nini. Nilipigiwa makofi. Ndiyo maana niliagiza kontena hili kwa moyo mweupe, nikijua safari hii mambo yamebadilika.

Storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo bandari kavu, na demareji, yaani malipo ya kuchelewa kurudisha kontena la watu, kufikia jana, ni shilingi milioni 14 na laki 3. Zinaongezeka kila kukicha, hata Jumapili, hata usiku ninapoandika barua hii. Mwenzetu mmoja ameuza kiwanja chake cha Mikese, na mumewe hasemi naye vizuri tangu siku hiyo. Mwingine ameacha kuja sokoni kwa sababu wanakikundi wa vikoba wanamsubiri pale na daftari la marejesho. Mimi duka langu lina rafu tatu tupu. Wateja wa Idi walikuja, wakauliza hotipoti, nikawaambia ziko bandarini. Mmoja aliniuliza, "Bandarini hadi lini?" Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo.

Nilipoanza kuandika nilitaka nikuombe mambo mengi. Mliondoe kontena kwenye mnada. Mfute storeji ya siku zilizopita baada ya tarehe 22 Machi, kwa sababu siku hizo si zangu, ni za ofisi iliyokaa kimya. Ofisa yule aulizwe. Thamani irudi ilivyokuwa. Yote hayo nayaomba bado. Lakini nimechoka, Mheshimiwa, na najua ukiombwa mengi faili linazidi kushuka chini ya mengine. Basi nakuomba moja. Nijibu. Kwa maandishi, kwa barua yenye namba ya kumbukumbu na sahihi ya mtu. Ukisema ankara yangu ni ya uongo, andika hivyo na uandike umejuaje, nami nitakwenda nayo kwenye bodi ya rufaa za kodi kama sheria inavyoniruhusu. Ukisema nimeshinda, andika, nikalipe kodi yangu siku hiyo hiyo. Pesa ya kodi ya thamani halali tunayo, tumeitenga tangu Februari na hatujaigusa, hata siku mtoto wangu aliporudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Na ile safu ya mwisho kwenye orodha yenu, tafadhali, ifutwe. Mwenye mali yupo.

Mnada umepangwa tarehe 14 Mei, saa 4 asubuhi. Mimi nitafika getini saa 1, na ankara yangu, hati ya benki na nakala za barua tatu zenye muhuri wenu. Kama jibu litakuwa tayari, msinitumie Morogoro. Nipeni pale pale.

Wako mtiifu,

Muuza vyombo, Soko la Chifu Kingalu, Morogoro