Mkikamata bidhaa mbovu, tutajieni na duka

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Nnaomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakubwa wa taasisi zetu za udhibiti, wa chakula na dawa, wa meli, wa mazingira, wote kwa pamoja, maana jambo langu ni moja na linawagusa wote. Mkishakagua kitu, twambieni mlichokikuta, tena kwa jina. Tumechoka kusikia redioni kuwa "duka moja" limekutwa na bidhaa zilopitwa na wakati, tani kadhaa zimeteketezwa, basi habari imekwishia hapo. Duka lipi? Sie tulonunua wiki ilopita na mpaka leo tunapika tukamuulize nani?

Na msituambie haiwezekani kwa sababu wapo wanaofanya. ZURA, mamlaka yetu ya udhibiti wa huduma za maji na nishati hapa Zanzibar, kila mwezi inatangaza bei ya kikomo ya petroli na dizeli, na siku ile ile bei ishaenea, iko kwenye simu, iko barazani, hata anayeendesha vespa kwenda konde anaijua kabla hajafika sheli. Akizidishiwa hata shilingi 50 atapiga kelele mwenyewe, hapana haja ya kumuweka mkaguzi kila pampu. Au tuchukue Benki Kuu, mwezi wa Novemba 2024 walitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo ya mtandaoni zisizokuwa na leseni, zote kwa majina yake. Watu walikuwa wanadhalilishwa vibaya sana na mikopo ile, mtu akichelewa kulipa wanapigiwa simu mpaka wakwe zake na wafanyakazi wenzake. Ile orodha ilimpa mtu kitu cha kufanya, anaifungua simu yake anaangalia, hii imo, anaifuta na kumwambia na mwenzake. Kama wangesema tu "baadhi ya aplikesheni" ingemsaidia nani?

Sasa njooni kwenye chakula, na hapa nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Nilinunua kopo la maziwa ya unga ya mjukuu wangu, duka moja hapa hapa Chake. Tulipolifungua unga umeshikana mabonge na harufu yake kama mafuta yalochacha. Nikaligeuza kopo chini, pale panapopigwa tarehe pamekwanguliwa, bati linang'ara, ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo. Ubavuni kimebandikwa kikaratasi kidogo cheupe chenye tarehe nyengine, kimebandikwa upande upande. Nilirudi nalo, muuzaji akanipa jengine bila ya kuuliza hata neno moja, na huko kutouliza ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi. Nikatoa taarifa kunakohusika, wakaguzi wakaja, nasema haki walikuja, wakachukua makatoni wakaenda nayo. Tangu siku hiyo kimya. Duka linauza kama kawaida, majirani wananiuliza tununue au tusinunue na mie sina la kuwajibu, sijui kama yale maziwa yalipimwa yakaonekana mabovu au yalionekana mazima.

Jina la duka sitolitaja hapa. Mie sina maabara, nimeona kopo moja tu, siwezi kumhukumu mtu kwenye gazeti. Wenye maabara na wenye sheria ni nyinyi, na ndiyo maana nasema kazi ya kutaja ni yenu. Kama alikuwa hana kosa basi semeni pia, mumuondolee fedheha, kwa sababu maneno yashatembea mtaani na yeye hana pa kujitetea. Na mkisema "duka moja la Chake" mnawachafua wenye maduka wote wa Chake, yule anayeangalia tarehe zake kila siku anapoteza wateja sawasawa na yule anayekwangua.

Najua wakaguzi ni wachache. Ndiyo hoja yenyewe hiyo, wakaguzi ni wachache na sie tuko wengi, lakini tumefungwa macho. Tazameni suala la nyama ya kasa. Kumvua kasa ni marufuku kwa sheria, miaka mingi, lakini nani atakaa kwenye kila ufukwe wa Pemba usiku kucha? Mwaka 2021 hapa Pemba walikufa watu 7 kwa nyama hiyo. Machi 2024 Kisiwa Panza wakafa watoto 8 na mtu mzima mmoja, na zaidi ya watu 70 wakafikishwa hospitali. Sumu ya kasa haionekani kwa macho, kupika hakuiondoi, na dawa ya kuivunja hakuna, na wanaoumia zaidi ni watoto. Mambo haya matatu mama wa Panza alitakiwa awe anayajua kama anavyojua saa ya maji kujaa na kupwa, siyo kuambiwa baada ya matanga. Tangazo la siku mbili tatu halafu likasahauliwa halimlindi mtu, kwa sababu nyama inakuja mlangoni siku ambayo redio haisemi kitu.

Na meli, ya rabi. Watu wa Pemba hatuhitaji kukumbushwa Spice Islander, ilozama Septemba 2011. Meli ile uwezo wake ulikuwa abiria 600 na kitu, na tume ya uchunguzi ikaja kusema walokufa na walopotea ni zaidi ya 1,500. Julai 2012 ikafuata kuzama Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe. Ile idadi ya abiria 600 ilikuwa imo kwenye makaratasi, lakini nani katika wale walokuwa wakipanda na magodoro na watoto alikuwa anaijua? Mambo yamebadilika tangu wakati ule, boti zipo nzuri, nashukuru. Lakini bado nataka pale pa kupandia, Malindi ya Unguja na Mkoani ya huku Pemba, liwepo bao kubwa la maandishi ya kusomeka: chombo hichi kinachukua abiria kadha, leo zimekatwa tiketi kadha, kimekaguliwa tarehe fulani, maboya ya kujiokolea yapo kadha. Na siyo boti kubwa tu, hata hivi vyombo vidogo vya kwenda visiwani, ambavyo kwa kweli ndivyo vinavyonitisha zaidi.

Mazingira hivyo hivyo. Wanakijiji wanajua hoteli inajengwa siku ukuta ushafika pwani na njia ya kwendea baharini ishazibwa, wakati ripoti ya athari za mazingira ishaandikwa zamani. Ibandikwe kwa sheha, kwa Kiswahili, kabla ya msingi kuchimbwa.

Watasema ukimtaja mfanyabiashara unamuua. Basi mpeni muda ajitetee, pimeni mara mbili, akishindwa kanuni ziseme jina lake litoke na muda wa kosa lake, na akijirekebisha litolewe tangazo la pili kuwa huyu sasa yuko sawa. Mlangoni mwa kila duka la chakula na dawa kiwekwe kibati chenye tarehe ya ukaguzi wa mwisho na matokeo yake, kisikae ndani ya droo ya mwenye duka. Na orodha ya kila mwezi ipelekwe kwa masheha na misikitini siku ya Ijumaa, kwa sababu wazee wengi huku Micheweni na Kojani hawana hizo simu za kuangalia kurasa za serikali.

Na wewe Mhariri ombi langu kwako ni dogo, wakikuletea taarifa isemayo "duka moja" warudishie uwaulize jina, na wakikupa orodha itolee nafasi ukurasa wa mbele.

Mkaazi wa Chake Chake, Pemba