Yah: Mashine yetu ya Enduro 40 iliyofanyiwa ovahoo kwenu na kukamata tena silinda ileile

Kilwa Kivinje,
Mkoa wa Lindi.
Agosti 2024

Meneja,
Karakana ya Injini za Boti,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye boti inayobeba pweza na samaki wa barafu kati ya Songosongo na Kivinje. Mashine yenyewe ni Yamaha Enduro ya farasi 40, ya silinda mbili, ile ya zamani ya kuchanganya oili na petroli. Mliipokea mwezi wa tano ikiwa imekamata silinda ya chini, yaani pistoni imeng'ang'ania ukuta wa silinda. Mkaichonga, mkaivalisha pistoni mpya, mkanitoza shilingi 1,850,000 na kunirudishia kwa basi. Sasa imekamata tena, silinda ileile, na kusi bado hata halijaisha.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa mapokezi hakuningoja nimalize. "Mzee, mlikosea kuchanganya oili." Hilo ni jibu la kila karakana inayotaka kukata simu, na ndilo lililonifanya niandike. Kwa hiyo nianze nalo.

Oili tunaichanganya kwenye tangi. Petroli inayopanda silinda ya juu na inayokwenda ya chini inatoka tangi moja, inapita mpira mmoja na pampu moja ya mafuta. Oili ikiwa haba, silinda zote mbili zinaonja uhaba huo. Ya juu hii hapa, tumeitoa pistoni: mistari ya hona (jiwe la kusugulia silinda) ukutani bado inaonekana, ringi zinacheza kwenye mifereji yake, plagi ina rangi ya kahawia inayotakiwa. Ya chini plagi ni nyeupe, na kwenye ncha yake zimenasa chembe za aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ukingoni. Nieleze wewe, Ndugu Meneja, ni oili gani hiyo inayomkosa mmoja na kumfikia mwenzake aliye juu yake.

Hata hivyo nataja vipimo, msije mkasema nimevikwepa. Saa 10 za kwanza za kulainisha mashine tuliweka mililita 800 za oili kwa lita 20 za petroli, yaani moja kwa 25, na nahodha hakuifungua moto wote. Baada ya hapo mililita 400 kwa lita 20, moja kwa 50. Oili ni ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, si ile ya pikipiki. Maelezo hayo hatukuyapata kwenu. Karatasi mliyotuma na mashine ilikuwa na bei tu.

Mashine haikuzimika ghafla. Kwanza ilianza kupoteza nguvu ikiwa na mzigo, ikipunguzwa inarudi vizuri, ikifunguliwa inalegea. Halafu kamba ya kuwashia ikawa nyepesi mkononi. Fundi wetu wa hapa Kivinje akaweka geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, kabla hajagusa boliti hata moja: juu pauni 115, chini haikufika 60. Jeti za kabureta zilikuwa wazi, ridi (vibati vinavyofungua na kufunga njia ya mchanganyiko) hazijapasuka, cheche zipo kwenye plagi zote. Ndipo akasema tatizo liko chini ya pistoni, akaomba niwaite watu wawili washuhudie ufunguaji. Nikawaita, na mmoja wao ni mwenyekiti wetu wa wavuvi.

Fundi wenu anajua, au anapaswa kujua, kwamba kwenye mashine ya stroku mbili kasha la kranki, chumba kilicho chini ya pistoni, ndiyo pampu. Pistoni ikipanda, kasha linavuta mchanganyiko. Ikishuka, linausukuma juu kwenye silinda. Kila silinda ina chumba chake, na chumba cha chini kabisa kinafungwa na sili za kranki, pete za mpira za kuzuia upepo usipite, upande wa shafti inayoshuka kwenye gia. Sili hizo zikichoka, chumba hicho kinavuta pia hewa, moshi wa ekzosi na unyevu wa maji ya chumvi. Petroli inapungua kwenye mchanganyiko, na oili inapungua pamoja nayo kwa kuwa ndiyo iliyoibeba. Pistoni ya chini inapata moto mwingi na mafuta kidogo. Ya juu haina habari.

Sili tulizozitoa ni ngumu, ukizibonyeza kwa kidole hazirudi, na mdomo wake umeisha upande mmoja. Kranki imechimbwa mfereji pale sili inapokaa. Ukipitisha ukucha unanasa. Beringi kuu ya chini ina kutu iliyokwisha kula chuma. Kwenye bili yenu mmeandika "sili za kranki, seti moja". Zilikwenda wapi?

Nikasema tuangalie na impela, feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine, kwa sababu nayo nimeilipia. Boliti za nyumba ya pampu ya maji zilikuwa bado na rangi ya zamani na chumvi iliyoganda kwenye kingo zake, haijavunjwa na spana yoyote. Tulipoifungua, majani ya impela yalikuwa yamelala upande mmoja, mengine yamepasuka kwenye shina. Sisemi kwamba ndiyo iliyoua silinda, maana maji yalikuwa bado yanatoka. Nasema mmenitoza kitu ambacho hamkukigusa, na mtu akishakudanganya kwenye impela huwezi kumwamini kwenye sili.

Sasa niseme la kuchonga, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Silinda ya kiwandani ni milimita 80. Mngeweza kuanza na pistoni ya saizi ya 0.25, yaani robo milimita zaidi. Mkaruka mkaenda 0.50 moja kwa moja, silinda zote mbili, pamoja na ile ya juu ambayo haikuwa na kosa. Labda ndiyo pistoni mliyokuwa nayo stoo. Matokeo yake ni kwamba silinda ya chini imekwanguka na hakuna pistoni kubwa zaidi ninayoipata madukani huku; bloku lazima livishwe silivu (ukuta mpya wa silinda) upya. Na kingo za matundu ya hewa na ekzosi mliziacha kali kama zilivyotoka kwenye mashine ya kuchonga. Stroku mbili ina matundu ukutani, ringi zinapita juu yake kila mzunguko. Baada ya kuchonga, kingo zile hupigwa msasa kidogo ziwe butu, kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye mkono mzuri. Hata kwenye silinda ya juu, ambayo ni nzima, ringi ya kwanza imeanza kupata meno.

Mashine mliipokea ikiwa na ugonjwa wa silinda moja. Swali la kwanza lilikuwa: kwa nini hii na si ile? Mngepima kasha la kranki kwa pampu ya mkono na geji, mngeona upepo unatoka chini. Ninyi mlitoa pistoni iliyokufa, mkaweka nzima mahali palepale penye kilichomuua mwenzake, mkafunga. Hiyo si ovahoo. Fundi wa ufukweni asiye na geji ningemwelewa. Mabango yenu yanasema mna vipimo vyote.

Mtu wenu pia alinishauri "ninunue foostroku mpya, hizi zimepitwa", yaani mashine ya stroku nne. Ahsante kwa ushauri. Enduro tunaipenda kwa sababu spea zake zipo, ni nyepesi kubebwa na watu wawili wakati maji yametoka, na fundi anaifungua kwenye mchanga. Ikitengenezwa inavyotakiwa haina deni na mtu.

Siku ilipokamata, boti ilikuwa na pweza na watu ndani, upepo wa kusi ukiwa mkali, na walisukumwa mpaka boti ya jirani ilipowatupia kamba. Walifika salama. Barafu ilikuwa imekwisha, mzigo ukauzwa kwa bei ya kutupa, mabaharia wakakosa mgao, na tangu hapo nakodi mashine ya mtu. Sijaliweka hilo kwenye madai yangu ya fedha, ingawa ningeweza.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie gharama yote ya ufundi pamoja na bei ya sili na impela ambazo hazikufungwa. Mgharamie kuvisha silivu silinda zote mbili na kuzirudisha kwenye milimita 80, pamoja na pistoni, ringi, gasketi na beringi ya chini. Kranki ikishindikana kurekebishwa pale ilipochimbwa, nayo pia. Kazi hiyo ifanyike kwa fundi nitakayemchagua mimi, si kwenu. Tena nataka maelezo ya maandishi, yenye sahihi ya fundi aliyeifunga, yakionyesha alipima nini kabla ya kuichonga.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Likikosekana, nitalipeleka jambo hili Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji, na baadaye mahakamani. Nimeambatisha nakala ya bili yenu, picha za sili, plagi na boliti za pampu, na maelezo ya mashahidi wawili.

Bloku, pistoni, sili na impela nimezifungia dukani kwangu jinsi zilivyotoka. Mnaweza kumtuma mtu wenu azikague siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Hazitaguswa mpaka azione.

Wenu,

Mwenye boti,
Kilwa Kivinje.