Siti ya Pikipiki Bado Inauma Baada ya Kava Jipya? Tatizo Liko Kwenye Sponji

Lalamiko tunalolisikia mara kwa mara ni hili: "Nimeweka kava jipya, siti inang'aa, lakini nikipiga safari ndefu kiuno kinawaka vilevile." Likiisha hilo, linafuata la bei: mbona fundi mwingine anamaliza kwa nusu saa na kwa hela ndogo, ninyi mnabaki na siti mpaka kesho?

Kava kazi yake ni kuzuia maji na kushika umbo. Anayebeba uzito wako ni sponji. Fungua siti ya Boxer iliyopiga kazi ya bodaboda kwa miaka kadhaa: upande wa abiria sponji bado imesimama, lakini anapokaa dereva pamezama na kuwa peusi. Ukibonyeza, gumba linagota kwenye plastiki ya chini. Kwa kuwa pana shimo, dereva anateleza kuelekea tangi kila akishika breki, anajirudisha nyuma kwa mikono, na mabega nayo yanaanza kuuma.

Njia ya mkato inayowatia watu hasara ni kipande cha godoro. Kinalazwa juu ya sponji iliyozama, kava linavutwa juu yake, kazi imekwisha. Ukiikalia pale kwa fundi unasikia raha. Lakini sponji ya magodoro ya bei nafuu ina uzito wa kilo 16 hadi 25 hivi kwa mita ya ujazo. Ya siti inatakiwa ifike 50 au zaidi. Kitandani mwili mzima umelala juu yake, kwenye siti uzito umebanwa kwenye mifupa miwili ya makalio. Godoro linalala, mifupa inagusa chini tena. Na ukija kujenga siti vizuri baadaye, lile kava halifai, maana lilikatwa kwa kipimo cha siti iliyoinuliwa. Umelipa mara mbili.

Sisi tunaanza kwa kung'oa pini zote zinazoshika kava na kukagua plastiki ya chini: nyufa, ndoano ya mbele, na zile raba ndogo zinazokaa juu ya fremu. Raba zikipotea, plastiki inapinda kila ukipiga shimo la barabarani, mwisho inapasuka, na mtikisiko wote unakuja kwako. Watu wengi hawazijui kabisa. Sponji iliyolowa tunaikausha kivulini mpaka ndani, inayomung'unyuka tunaitupa.

Kisha tunakata na kutoa sehemu iliyokufa, hatuifuniki. Chini tunaweka sponji ngumu iliyosagwa na kubanwa, juu yake sponji ya siti, na mwisho tabaka laini la milimita 10 tu. Gundi inapakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isishike kidole, ndipo vipande vinaunganishwa. Ukiunganisha ikiwa mbichi, vinaachana. Umbo tunalichonga na kulisugua kwa msasa, huku sehemu ya dereva ikilazwa karibu usawa ili asiteleze. Hatupandishi siti zaidi ya sentimita 2 au 3 bila kuona miguu yako inavyofika chini.

Juu ya sponji tunalaza nailoni, halafu leza, yaani ngozi ya bandia ya kava, iliyoanikwa juani ikalainika. Inavutwa mbele kwanza, kisha nyuma, pembeni mwisho. Mshono hatuupitishi katikati ya kikalio, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Pini ni za chuma kisichoshika kutu, na urefu wake unafuata unene wa plastiki. Ndefu zikitokeza upande wa pili zinachuna nyaya.

Hapo ndipo pesa yako inapokwenda: sponji ya uzito sahihi, gundi, pini, na saa za kukausha ambazo hakuna fundi anayeweza kuzifupisha. Kama sponji yako bado nzima tutakwambia, na utalipia kava peke yake.

Tunaomba uje na pikipiki yenyewe, usimtume mtu na siti mkononi. Tunahitaji kujua uzito wako, unabeba abiria au mizigo, na unaumia wapi baada ya muda gani. Kabla kava halijapigwa pini utaikalia siti dakika kumi nzima, si kuibonyeza kwa kiganja. Ukihisi pamekugusa, useme hapohapo, kwa sababu sponji iliyo wazi inapunguzwa kwa dakika chache. Ukishaichukua, usipige mashine ya maji karibu na mishono.