Wifi, usililipie lile kabati kwanza: barua kuhusu vyumba viwili na vitu vya watu sita

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa kaka na kwa watoto wote wanne. Umeniuliza kama kabati la milango mitatu uliloliona Nsambya, Kampala, linawafaa, na kama kaka atakubali kutoa hela. La kaka mtamalizana wenyewe. Kuhusu kabati, tafadhali usitoe hata arubuni. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaoishi sita katika muzigo (nyumba ya kupanga) wa vyumba viwili ni wengi, na wengi wao wako njiani kununua kabati hilohilo.

Tupige hesabu. Chumba chenu cha kulala ni futi 10 kwa 12, yaani futi za mraba 120. Kitanda cha 5 kwa 6, ukihesabu na fremu yake, kinakula kama 36. Kabati la upana wa futi 5 na kina cha futi 2 linakula 10, na milango ikifunguliwa inadai nyingine 8 ambapo huwezi kuweka hata beseni. Umeshafika 54, karibu nusu ya chumba, na masanduku ya shule bado yako sakafuni. Halafu makabati mengi ya bei hiyo ni ya chipbodi, yaani vumbi na vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi. Chipbodi ikilowa chini huvimba na hairudi ilivyokuwa, na skrubu za bawaba zikishatolewa siku ya kuhama hazishiki tena. Nyinyi ni wapangaji. Kitu cha mpangaji kiwe cha kupanda pikapu na kushuka kikiwa kizima.

Sasa tazama kuta zenu. Kutoka usawa wa bega hadi dari hakuna kitu isipokuwa kalenda na picha ya harusi, huku chini hapapitiki. Pesa yenu iende huko juu.

Kabla ya fundi, toeni vitu nje. Fanyeni Januari, watoto wakiwa likizo ndefu: mvua imetulia, na nyumba imejaa kuliko wakati mwingine wowote kwa sababu walio bweni wamerudi na sanduku, godoro na beseni. Ukipima muhula ukiwa umeanza utajidanganya. Nyumba itaonekana kubwa, kisha Mei itakushangaza. Tandikeni turubai uani, mtenge mafungu kwa jinsi kitu kinavyotumika: kila siku, kila wiki, kila muhula, na vile vya Iddi na wageni. Fungu la tano litajitokeza lenyewe, la vitu ambavyo kila mtu anasema "hicho kitatengenezwa". Redio iliyokufa, feni bila panga, viti vya plastiki vilivyopasuka mguu. Vipeni hadi mwisho wa mwezi. Kisichotengenezwa kiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au kwa anayekitaka. Nguo zilizowabana watoto zifungwe siku hiyohiyo kwenda kijijini, maana zikilala ndani usiku mmoja zinarudi zilikotoka.

Kisha chukua futi kamba na daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba. Mraba mmoja uwe nusu futi. Chora chumba, weka alama ya mlango na upande unaofungukia, dirisha na soketi. Kata vikaratasi vya kitanda na masanduku kwa kipimo hichohicho, uvisogeze juu ya mchoro. Ni kazi ya jioni moja na inazuia makosa ya pesa nyingi.

Kitu cha kwanza cha kutengeneza ni rafu ya chuma na plaiwudi, urefu futi 7, upana futi 4, kina inchi 15. Vipimo hivyo nimevichagua kwa sababu ya plaiwudi yenyewe. Shiti moja ni futi 8 kwa 4. Ukiikata kwa upana kila inchi 15 unapata mbao sita za futi 4, na kinabaki kipande cha kama inchi 5 cha kutundikia ndoano za makoti nyuma ya mlango. Chukua ya milimita 18. Ya milimita 12 ni ya bei nafuu zaidi lakini italegea katikati ukiweka blanketi zilizolowa unyevu au vitabu.

Fremu ni skwea paipu (bomba la chuma la mraba) ya inchi 1, geji 16, geji ikiwa namba ya unene wa chuma. Zinauzwa kwa mita 6, karibu futi 20, na unahitaji tano. Mbili za kwanza, kila moja itoe miguu miwili ya futi 7, kipande kirefu kimoja cha kulala na kifupi kimoja. Mbili zinazofuata, kila moja itoe virefu vinne na vifupi viwili. Ya tano itoe virefu viwili na vifupi sita, na inabaki kama futi 5 za kutengenezea vishikio vya ukutani. Jumla ni miguu 4, virefu 12, vifupi 12. Virefu na vifupi hukatwa pungufu ya inchi 2 kwa sababu vinaingia katikati ya miguu. Fundi asiyekumbuka hilo atakuletea rafu ya inchi 50, na plaiwudi yako ya 48 itaning'inia.

Kwenye geji ndipo watu wanapoibiwa. Namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba: 16 ni kama milimita 1.6, 18 ni kama 1.2. Ya 18 inatoboka chini ya moto wa kuchomelea, fundi anajaza tundu, anapaka rangi, wewe huoni. Kanunue paipu mwenyewe uzipeleke Katwe au kwa welda wa mtaani, na uwepo zinapokatwa. Kagua kila kiungo kabla ya rangi. Kama ameweka vitone viwili tu, mwambie azungushe pande zote. Agonge ile takataka ya moto itoke, apake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo ipakwe unayoitaka. Mguu uzibwe chini kwa kibati. Paipu tupu hutoboa zulia la plastiki na kula saruji.

Mbao zikae kwa vimo hivi kutoka sakafuni: inchi 6, 24, 38, 52, 66 na 84. Zile inchi 6 za chini usizifute ili kupata nafasi. Fagio na dekio vinapita hapo, na kwa mtaa wenu ambako maji huingia ndani mvua za Aprili na Oktoba, ndizo zitakazookoa vitu. Nafasi ya kwanza, ya inchi 18, ni ya masanduku ya shule na kila kizito. Pima masanduku kwanza, na likizidi moja sogeza ubao wa pili juu. Tatu za katikati ni za nguo, kila mtoto na sehemu yake. Nguo zikunjwe zisimame kama vitabu ndani ya vikapu au maboksi yaliyokatwa. Zikilazwa rundo, mtoto atavuta ya chini na lote litaanguka. Ya juu ni ya vyombo vya wageni. Juu kabisa, mpaka dari la futi 9, kuna futi 2 za blanketi na magodoro yaliyokunjwa. Kama juu yenu ni mabati matupu, acha nafasi, maana joto la mchana na matone ya alfajiri vyote hushuka hapo.

Rafu hiyo lazima ifungwe ukutani. Mtoto wa miaka minne ataipanda kama ngazi, na ikianguka haiangukii kingine ila yeye. Vishikio viwili juu, kila kimoja skrubu mbili za inchi 3 ndani ya fisha (plagi za plastiki za ukutani) za milimita 8. Skrubu fupi inashika plasta tu, na plasta hubanduka yote. Toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye kiungo, kwa sababu kuta nyingi za nyumba hizi za kupanga zimeunganishwa kwa udongo au saruji kidogo. Drili isiwe kwenye kugonga. Tofali la kuchoma linavunjika ndani na fisha inazunguka bure. Muulize mwenye nyumba kwanza. Akikataa matundu, mweleze kwamba ni manne tu, na mtayaziba mkihama.

Kama chuma kinawashinda, mbao za msonobari za inchi 12 kwa 1 kutoka Ndeeba zinafaa, lakini kina kitakuwa chini ya inchi 12 baada ya kurandwa, na usiache zaidi ya futi 3 bila mguu. Shika ubao: mzito wenye ubaridi ni mbichi, utajipinda. Kalitusi (mkaratusi) mbichi ndiyo mbaya zaidi. Ukiona unga mwepesi kwenye ubao wa mti wa musizi, kuna mdudu ndani, uache. Oili chafu ya gari inafukuza mchwa, kweli, lakini usiipake mahali pa nguo.

La pili ni dekka (kitanda cha ghorofa) ya watoto, futi 3 kwa 6, bila kununua magodoro. Walio bweni wanarudi na ya kwao, na hayo ndiyo yanayosimama ukutani likizo nzima. Yapime: mengi ya shule ni futi 2 na nusu, kwa hiyo mwagize fundi aweke ubao wa kujaza upande wa ukutani, mguu wa mtoto usizame. Kizuizi cha kitanda cha juu kipite godoro kwa inchi 5 angalau. Godoro nene juu linakimeza kizuizi, basi lile nene liende chini. Vyandarua viwe viwili: cha chini kifungwe kwenye fremu ya cha juu, cha juu kwenye fito nne zilizochomelewa pembeni. Chenye dawa kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kianikwe kivulini, jua linaua dawa.

Makochi ya watu watano myasahau kwa mwaka huu. Najua Mama akija kutoka Arua utataka akae vizuri. Atakaa kwenye benchi mbili za sanduku, kila moja futi 4, kina inchi 18, kimo inchi 14, na mto wa sponji ngumu ya inchi 4 juu yake. Ndani mtaweka mashuka ya wageni. Toboeni matundu machache nyuma hewa ipite, vinginevyo mashuka yatanuka uvundo, na gundisha vipande vya raba chini ya kifuniko ili vidole vya watoto vipone.

Jikoni sina mengi. Mkaa utoke kwenye gunia uingie kwenye pipa lenye kifuniko, vumbi litapungua. Unga wa posho (wa mahindi), mchele na maharage viwe kwenye ndoo za mafuta ya kula zinazofunga, kamwe si za rangi. Na sigiri, jiko la mkaa, isilale ndani, hata kama kuna baridi na mvua. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, matokeo ya mitihani ya taifa ya UNEB na risiti za ada vitoe chini ya godoro leo. Faili moja la mifuko ya plastiki, rafu ya nne, basi.

Fuata mpangilio huu: rafu, dekka na vyandarua, kisha benchi moja moja. Arubuni isizidi nusu, vipimo viandikwe kwenye karatasi na fundi atie sahihi. Kitu kimoja sijakiona: ujia wa kuingilia kwenu. Rafu ya futi 7 inapita mlangoni ikilazwa, lakini haikati kona kwenye ujia mwembamba. Nitumie upana wa ujia na wa mlango kabla welda hajawasha moto. Kama hapatoshi, tutamwambia aifanye vipande viwili vya kufungwa kwa bolti.

Wifi yako