Tuwaruhusu watoto wafuge wanyama shuleni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu wakuu wa Nairobi wawaruhusu wanafunzi kufuga wanyama wadogo shuleni. Mtaala wa umilisi unamtaka mtoto ajifunze kwa kutenda, lakini katika shule ninazozijua somo la wanyama bado huishia kwenye mchoro wa ubaoni.

Kuku mmoja anayeatamia angetosha kwa kuanzia. Mayai huanguliwa baada ya siku 21 hivi, na kufikia siku ya 7 mtoto akilimulika yai kwa tochi gizani ataona mishipa myembamba ya damu imetandaa kutoka kwenye doa jeusi, ambalo ndilo kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika. Akitunza sungura pia, atagundua mwenyewe kwamba kitoto cha sungura huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba, na huyafumbua baada ya siku 10 hivi, ilhali kifaranga hutoka kwenye ganda macho yakiwa wazi na muda si muda anadonoa. Kwa nini watofautiane hivyo? Mtoto aliyejionea hawezi kukosa kuuliza.

Najua viwanja vya shule zetu ni finyu, ila banda dogo halikosi kona. Linalonitia wasiwasi zaidi ni matunzo: zamu za kulisha na kusafisha ziandikwe mapema, za likizo zikiwemo, na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kushika kuku, kwa kuwa kuku huweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote.

Mzazi,
Kayole, Nairobi